Mtu wa Kumi Hakufika

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni redio karibu. Leo sina habari ya kufurahisha, na sitajifanya ninayo. Leo zimetimia siku thelathini tangu tumzike Hakhamu Hezkel Mizori, mwalimu wa Torati wa mtaa wetu hapa Yerusalemu. Hakhamu Hezkel Mizori. Nalirudia jina kwa sababu wengi wenu mlimjua kama Hezkel wa Alizeti, na mkisikia jina kamili mtadhani namzungumzia mtu mwingine.

Alizeti ilitokana na darasa lake la Sabato mchana. Kulikuwa na meza ndefu nyuma ya sinagogi, birika la chai, na bakuli kubwa la mbegu za alizeti zilizokaangwa na chumvi. Watu walikuja kwa ajili ya mbegu wakabaki kwa ajili ya Torati. Wengine, tusidanganyane, walikuja kwa ajili ya mbegu na wakaondoka na mbegu. Hakhamu aliwajua, na aliwasogezea bakuli.

Alizaliwa Zakho, kwenye milima ya Wakurdi, huko tulikotoka wengi wetu. Aliletwa huku akiwa mdogo, amefungiwa ndani ya koti la baba yake, akakulia kwenye mahema ya kambi ya wahamiaji, matope hadi magotini. Baba yake alikuwa mchukuzi wa mizigo sokoni. Mama yake alimsomesha kwa kuuza bangili zake. Akawa mwalimu, akamwoa Istir, wakampata binti mmoja, Tirza. Hayo ndiyo maisha yake yote kwa nje. Mengine yote yalikuwa ndani ya vitabu, au ndivyo alivyodhani.

Sasa mjue alivyofundisha, maana ndiko mambo yalikoanzia. Hakhamu hakukuacha usikilize tu. Alikuingiza. Mkifika kwenye habari ya Yuda na mdogo wake Benyamini, pale Yuda anapomwambia baba yao mzee, mimi nitamdhamini, umdai mikononi mwangu, Hakhamu alinyoosha kidole na kukuambia, "Leo wewe ndiye Yuda. Simama. Sema."

Siku moja kidole kilimwangukia Rahamim Zebari, mhudumu wa sinagogi letu. Rahamim ndiye mwenye funguo, ndiye anayepanga nani aitwe kusoma, na ndiye anayelalamika kuhusu maganda ya mbegu sakafuni.

"Rahamim, simama. Utamdhamini?"

"Hakhamu, mimi nina presha," akajibu.

Meza nzima ikacheka. Hakhamu naye alicheka. Halafu akasema, "Yuda naye alikuwa na presha, ila alisimama." Rahamim hakusimama.

Kulikuwa na kifungu kimoja alichokipenda kuliko vyote, na alikifundisha kila mwisho wa kiangazi, zamu yake ya kusomwa inapofika. Nisikilizeni vizuri hapa, maana kila kitu kinategemea kifungu hiki. Torati inasema, ikionekana maiti shambani na muuaji hajulikani, wazee watoke wapime mji upi uko karibu zaidi. Wazee wa mji huo wateremke bondeni, wavunje shingo ya ndama, wanawe mikono juu yake na waseme: mikono yetu haikumwaga damu hii. Wafafanuzi wetu wa kale wanashtuka hapo. Wanauliza, jamani, nani aliyewadhania wazee kuwa wauaji? Na wanajibu wenyewe. Wazee wanataka kusema hivi: mtu huyu hakuja kwetu tukamwacha aende bila chakula, wala hatukumwona tukamwacha aende bila kumsindikiza.

Hakhamu akifika hapo alivua miwani. "Mnaona?" aliwaambia. "Kumsindikiza mgeni mnadhani ni adabu. Siyo adabu. Ni damu."

Na aliishi hivyo. Tirza, binti yake, ameniambia wiki hii, "Baba alikuwa anamsindikiza hata msoma mita ya maji, hadi kona ya barabara. Siku za mvua anarudi amelowa chapachapa, mama anamgombeza. Wageni wenyewe walikuwa wanaona aibu." Kwa hiyo mjue, wasikilizaji wapendwa, hakuwa mtu wa kufundisha kingine na kutenda kingine. Laiti angekuwa hivyo. Ingemuuma kidogo kuliko ilivyomuuma.

Sasa nimlete Asael. Asael Gindi alikuwa fundi wa lifti, mtu wa makamo, mrefu, mwenye mabega yaliyoinama kwa kuingia kwenye vishimo vidogo. Mke wake alikuwa amemwacha na kwenda ng'ambo na watoto. Alipanga chumba kimoja juu ya nyumba ya Rahamim, yuleyule mhudumu wa sinagogi. Alikuja darasani akakaa karibu na hita, hakula mbegu hata moja. Ila alikuwa na maswali. Walipokuwa wanasoma jinsi Kaini alivyomuua nduguye, wote wanabishana kuhusu Kaini, Asael akauliza, "Na mama yao alikuwa wapi?" Hakhamu aliruka kutoka kitini. Alikwenda na swali hilo nyumbani, akalala nalo, akaamka nalo. Swali zuri lilimlevya yule mzee kuliko mvinyo, na Asael alikuwa na maswali mazuri. Ndiyo sababu Hakhamu alimpenda. Na ndiyo sababu hakumsikia.

Ilikuwa Ijumaa ya majira ya baridi, wiki ya kusoma habari ya Yuda na Benyamini. Theluji ilikuwa inaanguka tangu asubuhi. Mnajua Ijumaa za baridi zilivyo fupi: hujakaa, jua linazama na king'ora cha kuanza Sabato kinalia. Istir alikuwa anafunika sufuria ya supu ya kube, yale madonge yetu ya nyama, Hakhamu ametoka kuoga, taulo begani, ndevu zinadondosha maji. Mlango ukagongwa. Ni Asael.

"Hakhamu, samahani, najua muda umekwisha."

"Sema haraka, mwanangu, king'ora hicho kinakuja."

Asael akabaki pale pale ngazini. "Yuda alimdhamini mdogo wake kwa sababu nyumbani kuna mzee anayewasubiri. Anasema, nitapandaje kwa baba yangu na kijana hayuko nami? Sasa mtu ambaye hakuna anayemsubiri popote, huyo anadhaminiwa na nani?"

Hakhamu akapiga fremu ya mlango kwa kiganja. "Asael, hilo swali ni dhahabu. Usilipoteze. Kesho darasani uliulize mbele ya wote, mimi nitakuwa nimeliandalia jibu."

"Kesho," Asael akasema.

"Kesho. Sabato njema."

"Sabato njema, Hakhamu."

Akateremka ngazi. Mlango ukafungwa, king'ora kikalia, Istir akawasha mishumaa. Bila chakula. Bila kusindikizwa. Yeye aliyemsindikiza msoma mita.

Wakakaa mezani. Hakhamu akabariki mvinyo, akakata mkate, supu ikapakuliwa. Alikuwa na furaha, Tirza anakumbuka. Tirza wakati huo alikuwa msichana mkubwa, yuko chuo cha ualimu. Baba yake aliwasimulia lile swali kama mtu aliyeokota lulu. Istir akaweka kijiko chini.

"Baba Tirza, hilo siyo swali."

"Ni swali, tena zito, angalia..."

"Nimekuambia siyo swali. Alikuwa amevaa nini?"

Hakhamu akafikiri. "Koti la kazini."

"Na theluji hii? Ulimkaribisha supu?"

Hakhamu akatazama bakuli la supu mbele yake.

"Ulimsindikiza?"

Tirza anasema uso wa baba yake ulibadilika rangi mbele yao. Aliinuka, akavaa koti, akatoka. Alitembea hadi kwa Asael, akateleza njiani, akapanda, akagonga. Kimya. Akagonga tena. Kimya. Akarudi nyumbani na theluji ndevuni.

Sasa hapa ndipo penyewe. Ukutani kulikuwa na simu. Simu haiguswi siku ya Sabato, kila mtoto wa mtaa wetu anajua. Lakini kila mtoto wa mtaa wetu anajua pia, kwa sababu Hakhamu Hezkel ndiye aliyemfundisha, kwamba kukiwa na shaka ya uhai wa mtu, hata shaka ndogo, Sabato inasogea kando. Huulizi, husubiri uhakika. Anayesimama kuuliza anamwaga damu. Aliyafundisha hayo kwa sauti, akipiga meza hadi mbegu zinaruka.

Alisimama mbele ya simu. Aliinua mkono.

"Piga," Istir akamwambia.

"Pengine amelala."

"Pengine. Piga."

"Polisi waje na magari na taa Sabato, wavunje mlango, wamkute mtu amelala zake? Mtaa mzima utasema nini? Ngoja kidogo."

Akautia mkono mfukoni. Ile ngoja kidogo ndiyo iliyomaliza Sabato nzima. Bibi Istir ameniambia, na amesema niwaambie, "Hata mimi nilikuwa na mkono. Ningeweza kupiga. Nilimngoja yeye, kwa kuwa yeye ndiye aliyejua sheria. Tukawa tunangojana."

Asael hakuja darasani kesho yake. Alikutwa theluji ilipoanza kuyeyuka, bondeni chini ya mtaa, ameegemea ukuta wa mawe wa shamba la mizeituni la zamani. Baridi, daktari alisema. Alikwenda kufanya nini kule? Hakuna anayejua. Simu ingepigwa angekutwa hai? Hilo nalo hakuna anayelijua, na msitegemee mimi niwaambie.

Mtaa ulisikitika. Tulisema masikini, tukasema theluji ya mwaka huu ni mbaya, tukaendelea na mambo yetu.

Hakhamu hakuendelea. Kiangazi kilipofika mwisho na kile kifungu kikafikiwa, alikaa mezani, akavua miwani kama kawaida, na akashindwa kusoma. Akasema, "Maiti imeonekana bondeni. Hatukupima. Mimi nimepima. Mji wa karibu ni mimi. Alikuja kwangu nikamwacha aende bila chakula. Nilimwona nikamwacha aende peke yake. Haya maneno ya wazee mimi siwezi kuyasema."

Rahamim akajaribu kupoza. "Hakhamu, ni hali ya hewa ile. Unawatisha watu."

Mwingine akatania kutoka mwisho wa meza, "Au unataka tukutafutie ndama?"

Walicheka kidogo. Hakhamu aliwangoja wamalize kucheka, akasema, "Ndama sitaki. Nataka watu kumi."

Wasikilizaji wapendwa, sheria yetu ndivyo ilivyo. Ukimkosea mtu akafa hujamwomba radhi, unakwenda kaburini kwake na wanaume kumi. Unasema mbele yao, nimemkosea Mungu wa Israeli, na nimemkosea mtu huyu. Nao wanakujibu, umesamehewa. Peke yako haiwezekani. Hata ulie siku nzima juu ya jiwe, peke yako haiwezekani. Kumi. Hicho tu ndicho Hakhamu Hezkel alichokitaka maisha yake yote yaliyobaki. Watu kumi, kwenye kaburi la Asael, kwa muda wa kunywa kikombe cha chai.

Mtadhani ni jambo rahisi. Watu waliomlia mbegu zake miaka yote hiyo! Lakini aliwaendea kabla ya Siku ya Upatanisho, nyumba kwa nyumba, na kila mmoja ana lake. Huyu magoti. Yule ana mgeni. Wa tatu anasema yeye ni wa ukoo wa makuhani, na kuhani haingii makaburini. Mwaka ule mtaa wetu ulizalisha makuhani ambao baba zao hawakuwahi kuwa makuhani. Hakhamu alijua ukoo wa kila mtu hadi Zakho. Aliwashukuru na kuondoka. Mwaka uliofuata akawaendea tena, na uliofuata tena.

Kwa nini hawakwenda? Hawakuwa watu wabaya. Walijua kwamba anayesimama pale kujibu, umesamehewa, lazima kwanza akubali kuna kosa. Na likiwapo kosa la Hakhamu, aliyepanda ngazi akagonga, je, la yule ambaye hakupanda kabisa? Ilikuwa nafuu kumwambia mzee kwamba hana kosa. Walimwambia hivyo kwa upendo kabisa, na kila walipomwambia alizidi kukonda.

Mwaka mmoja ilikaribia. Walifika tisa. Tirza na mama yake walikuwepo pia, na Tirza anasema kwa uchungu, "Sisi tulikuwepo tangu asubuhi, lakini sisi hatuhesabiwi." Tisa walisimama kwenye makaburi ya mlimani, jua la kiangazi linawachoma visogo. Wa kumi alikuwa Rahamim. Aliahidi. Hakhamu alisimama miguuni pa kaburi la Asael, karatasi ya maneno mkononi, ingawa maneno aliyajua kwa moyo.

"Anakuja," alisema. "Rahamim akiahidi anakuja."

Wakampigia. Rahamim akasema yuko njiani, kuna foleni. Wakampigia tena. Akasema kuna watu wanachagua matawi ya mitende ya sikukuu, hawezi kuliacha duka la sinagogi. Akapita mtu mgeni, Hakhamu akamkimbilia, mzee yule, kofia mkononi. "Ndugu yangu, dakika mbili tu." Yule akasema ana maziko yake, wanamsubiri. Mmoja wa wale tisa akatazama saa. Mwingine akasema, "Hakhamu, Mungu anaona nia." Wakaondoka, mmoja mmoja, wakimbusu bega. Mtu wa kumi hakufika.

Wiki hii nimemfuata Rahamim. Sasa ni mzee, ana mtoto wa jicho. Nilidhani atanifukuza. Alinikaribisha, akanipa chai, akasema, "Andika. Asael alikaa juu ya kichwa changu. Nilikuwa namsikia akitembea, anakwenda, anarudi, usiku kucha, nikawa namgongea dari kwa ufagio. Ijumaa ile sikusikia kitu. Nilimwambia mke wangu, leo afadhali, leo tutalala. Hezkel alipogonga mlango wa juu nilimsikia. Nilijua hayuko. Sikutoka." Akasogeza kikombe chake, akasema, "Hezkel alisema mji wa karibu ni yeye. Ningefika pale kaburini ningefanyaje? Nimsamehe mimi?"

Nikamuuliza, "Ulimwambia haya alipokuwa hai?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Nina presha," akasema. Hakuwa anatania.

Basi. Hakhamu Hezkel alizeeka. Miaka ya mwisho miguu ilikataa, darasa likapungua, bakuli likawa dogo. Kila Ijumaa, kabla ya king'ora, alimtuma Istir afungue mlango wa nje na kuuacha wazi. Baridi iliingia, supu ilipoa, hakuna aliyekuja. Hospitalini, Tirza alimwambia, "Baba, umelipa ya kutosha." Akamjibu, "Sijalipa, mwanangu. Sijaruhusiwa hata kuanza." Alifariki siku mbili baadaye, asubuhi, Istir akiwa amemshika mkono.

Na mazishi, ndugu zangu. Mabasi yalikodiwa. Mtaa mzima ulikuja, na wanafunzi wa zamani kutoka miji mingine, mamia ya watu, hotuba juu ya hotuba. Tulimsifu kwa imani, tukamsifu kwa ujasiri, tukamsifu kwa kubeba mizigo ya wengine. Tulipomaliza kurudishia udongo, Tirza alisogea mbele. Mwanamke wa makamo sasa, mwalimu kama baba yake. Hakupandisha sauti.

"Mko zaidi ya kumi," alisema. "Kaburi la Asael liko safu ya chini hapo. Hatua chache. Twendeni."

Hakuna aliyesogea. Rahamim, akitegemea fimbo, ndiye aliyejibu. "Tirza, binti yangu, wa kuyasema maneno hayupo tena. Marehemu hamwombi marehemu radhi."

"Wewe upo," Tirza akamwambia.

Rahamim akaangalia chini. Mtu mmoja akasema jua limekuwa kali, wazee wataanguka. Mwingine akasema dereva anasubiri. Watu wakaanza kuteremka kuelekea lango, polepole, kwa heshima, na njia waliyopita ilipita karibu kabisa na jiwe la Asael. Nililiona. Herufi zimefifia.

Mnajua desturi yetu. Langoni kuna bomba, na vikombe vyenye mishikio miwili, na hakuna anayetoka makaburini bila kunawa. Ikawa foleni ndefu. Mkono wa kulia, mkono wa kushoto. Kulia, kushoto. Maji yakatiririka hadi barabarani. Tirza alipofika zamu yake alisimama tu. Rahamim, ambaye alikuwa amekwisha nawa na mikono yake bado inadondosha maji, alimpa kikombe.

"Nawa, binti yangu. Watu wako nyuma yako."

Tirza alikitazama kile kikombe. "Ninawe," akasema, "halafu niseme nini?"

Akapita bila kunawa. Sisi wengine tulinawa.

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole Bibi Istir, tunampa pole Tirza. Mwenyezi, kama tunavyowaambia wafiwa wetu, awafariji pamoja na wote wanaoiombolezea Yerusalemu, na awape faraja ambayo sisi majirani hatukuweza kuwapa. Pole pia kwa watoto wa Asael Gindi, popote walipo ng'ambo, kama kuna aliyewaambia. Hakhamu Hezkel Mizori alitaka watu kumi, na hakuwapata.

Kesho ni Ijumaa. King'ora kitalia mapema, maana baridi imeanza. Juu yako kuna mtu anatembea, au ameacha kutembea. Fikiri hilo ukiwa unafunika sufuria. Sikuambii upande ngazi. Hakhamu alituambia miaka yote, na mimi mwenyewe sijui ni nani anayekaa juu yangu.